Ova Jean na Siku ya Mnyororo

Ova Jean Slone alihamia kwetu na gari la kuazima, binti mmoja, na sufuria nyingi kuliko nguo. Mume hakuwepo. Mume alikuwa amekwenda Ohio kutafuta kazi ya kiwandani, na nadhani mpaka leo bado anaitafuta.

Nilikuwa nimekaa barazani na mke wangu, Mahala. Tukamtazama akipita.

"Huyo hafiki Krismasi," nikasema. "Atatoroka na kodi ya watu."

"Ulisema hivyo hivyo juu ya mhubiri," Mahala akasema.

"Na mhubiri alitoroka."

"Alihamishwa, Estill."

Aliyemhamisha sikumwona.

Ova Jean alipanga nyumba ya Hobart Cornett, ile ya mwisho kabisa, pale bonde linapobanwa na mlima. Ukitaka kufika kwa Hobart unapita kwangu. Njia nyingine hakuna. Kushoto mlima, kulia kijito cha Caney, katikati njia ya gari moja, na njia hiyo yote imelala kwenye ardhi aliyoniachia baba yangu. Kwa hiyo kila aliyewahi kukaa nyumba ile nimemjua kwanza kwa magurudumu yake.

Gari la Ova Jean lilikuwa na kikohozi. Lilishuka kabla jua halijatoka, maana alikuwa mpishi wa shule na mikate ya watoto haijiumui yenyewe. Lilipanda alasiri. Jumapili lilikwenda kanisani, si kanisa letu. Nililisikiliza miaka kumi na moja, hata binti alipokua akaenda zake. Halikupanda na mwanamume hata siku moja. Mahala alisema huo ni mwenendo mwema. Mimi nilisema mtu asiye na kasoro ana mahali anapoificha.

Alikuwa akituletea ndoo ya mabaki ya shule kwa ajili ya nguruwe. Hakuomba kitu. Mara ya kwanza niliyapekua kwa kijiti. Maharage, maganda ya viazi, vipande vya mkate wa mahindi. Nguruwe wakanenepa. Mimi nikawa nangoja siku atakayosema anataka nini.

Habari zake nilizipata kwa Mahala, kwa kuwa mimi siulizi mtu mambo yake. Alizaliwa ng'ambo ya mlima katika nyumba ya kampuni ya makaa. Nyumba ya kampuni unakaa maadamu unashuka chini kuchimba. Baba yake alipoanza kukohoa vumbi jeusi, wakatolewa. Wakakaa kwa shangazi, wakatolewa. Wakapata nyumba ya bati ya magurudumu kando ya mto, mto ukafurika ukaichukua pamoja na mbwa. Alipoolewa akakaa kwa mama mkwe, na huko kila mtu anajua kukoje.

"Yule mtoto wa watu," Mahala alisema, "hajawahi kupigilia msumari ukutani bila kuomba ruhusa."

Hilo nalikumbuka kwa sababu Mahala alilisema huku akitazama kuta zetu.

Sasa nieleze mnyororo.

Huku kwetu, watu wakipita kwenye ardhi yako miaka na miaka bila kuzuiwa, sheria inaweza kuwapa ile njia. Kwa hiyo mwenye ardhi anazuia. Anazuia siku moja tu kwa mwaka, ili ijulikane kwamba siku nyingine anaruhusu kwa hiari yake. Baba alifunga Novemba mosi, nami nafunga Novemba mosi. Mnyororo toka nguzo hadi nguzo, alfajiri mpaka jua kuzama. Jirani wa juu analiacha gari lake nje tangu jana yake, na siku hiyo anapita kwa miguu kwenye mawe ya kijito, haikanyagi njia. Hakuna anayekasirika. Ni kama kufunga kanisani.

Na baba hakufunga kwa roho mbaya. Alikuwa na sababu. Baba yake, yaani babu yangu, alisomewa karatasi na mtu wa kampuni aliyekuja amepanda farasi mzuri. Akaonyeshwa pa kuweka alama ya X, akaweka. Aliambiwa ameuza mawe yaliyo chini ya ardhi. Baadaye kampuni ikaja kuchukua ya chini kwa kuondoa ya juu. Bustani, matufaha, chemchemi, vyote vikasukumwa mtoni. Babu akaenda mahakamani, hakimu akamsomea: kampuni inaweza kufanya lolote litakalohitajika. Babu akauliza hilo "lolote" liliingia lini. Lilikuwepo toka mwanzo. Yule wa farasi, alipomsomea, ndiye aliyeliruka.

Tangu hapo kwetu hakuna karatasi na jirani. Kuna neno, na kuna mnyororo.

Mahala alikuwa na lake. Kila Novemba mosi alioka keki ya matabaka, ile ya matufaha yaliyokaushwa juani, na saa ya chakula akateremka nayo mpaka langoni. Ova Jean akaomba ruhusa shuleni, akaja upande wake. Wakakaa, mnyororo katikati, wakala. Mahala alisema ukimfungia mtu njia, mpe chakula. Walicheka huko chini mpaka nikawa nadhani wananicheka mimi. Pengine ndivyo.

Mahala alifariki mwezi wa Julai. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Wakati wa msiba Ova Jean alikuwa jikoni kwangu. Alipika, akaosha, akafuta. Watu walipoondoka nikafungua makabati. Kila kitu kilikuwa mahali pake, hata kichujio cha maziwa kinachoning'inia nyuma ya mlango. Nikajiuliza amejuaje. Mtu anayejua nyumba yako namna hiyo amekuwa akiitazama muda mrefu.

Mwezi wa Septemba nilikuwa kwenye duka la mbegu. Shemeji yangu Burlin, kaka yake Mahala, alikuwa amekaa juu ya magunia ya chakula cha kuku, mahali pake pa siku zote.

"Shemeji," akasema, "mpishi wako ananunua nyumba."

"Nyumba gani?"

"Ya Hobart. Hobart si amekufa? Watoto wake wako Dayton, wanataka kuuza. Kuna mwindaji wa mjini anaitaka kwa ajili ya kuja kuua kulungu. Wamempa Ova Jean mpaka Sikukuu ya Shukrani, mwisho wa Novemba. Asiponunua, atoke."

"Atanunua na nini? Ndoo ya mabaki?"

"Na mkopo wa benki. Hatoi hata senti ya kuanzia."

"Benki ipi hiyo iliyolewa?"

"Serikali imesimama nyuma yake. Ni mikopo ya watu wa mashambani kama sisi. Akishindwa kulipa, serikali inailipa benki."

"Na serikali inapata nini?"

Burlin akainua kidole. "Hapo sasa."

Muuza duka akasema dada yake alinunua hivyo hivyo katika kaunti ya jirani na hakuna aliyemla.

"Bado," Burlin akasema. "Nyinyi hamjui. Serikali ikisimama nyuma yako, shika mfuko wa nyuma. Shemeji, sikia nikuambie. Wanataka gesi iliyo chini ya ardhi. Wanampa mwanamke nyumba, mwanamke anapata njia ya kuandikwa, na njia ikishaandikwa, kesho yake malori."

Burlin hajawahi kusema kweli tangu azaliwe, ila mara moja moja kwa bahati mbaya. Nilijua hivyo. Lakini nilirudi nyumbani na yale malori kichwani.

Wiki ile ile Ova Jean akaja barazani kwangu na kijana wa benki. Aliitwa Tolliver. Viatu vyake vilikuwa safi.

"Mzee Gayheart," kijana akasema, "ni jambo dogo tu."

Nikajua ni kubwa.

"Ni haki ya njia. Ya kudumu. Serikali haiwezi kudhamini mkopo wa nyumba ambayo haina njia."

"Njia ipo. Umeijia."

"Namaanisha iliyoandikwa."

"Imeandikwa kwa magurudumu tangu enzi za baba."

"Ndiyo mzee, lakini, samahani, wewe ukifa?"

"Nikifa mtanizika, na njia itakuwa pale pale."

"Atakayerithi anaweza kuifunga."

"Hata mimi naifunga. Novemba mosi."

Kijana akamgeukia Ova Jean, akidhani ni mzaha.

"Ni kweli," Ova Jean akasema. "Siku moja."

"Kwa nini?"

"Ni njia yake."

Kijana akakuna sikio. Ova Jean akaitoa karatasi kwenye mkoba, akaishika magotini. Mikono yake ina alama za kuungua, za tanuri la shule.

"Mjomba Estill, nikusomee?"

Hapo lazima niseme. Mahala ndiye aliyekuwa akinisomea. Miaka yote ya ndoa, hakuna karatasi iliyoingia nyumbani bila kupita machoni pake kwanza. Mimi nasoma Biblia kwa kuwa maneno nayajua kabla sijayafikia. Karatasi ya wakili haina neno ninaloweza kuliegemea.

"Hapana," nikasema.

"Basi Burlin akusomee."

"Burlin husoma anachotaka kiwemo."

Alitaka kucheka, akajizuia. Akaikunja karatasi.

"Haya, mjomba. Nimeuliza, umejibu."

Akaondoka. Hakulia, hakunikumbusha msiba, hakutaja ndoo hata moja. Nilikaa nikilitafakari hilo. Mtu anayehitaji kitu hivyo akakubali hapana upesi hivyo, nikasema, anayo njia nyingine.

Novemba mosi ikafika.

Nilifikiria kutofunga. Mahala hayupo, keki hakuna, mzee mmoja anamfungia njia mwanamke mmoja. Lakini Burlin alikuwa amekuja kuazima gari langu, akaniambia mwaka nisiofunga ndio mwaka watakaoutaja mahakamani. Nikafunga.

Niseme kidogo juu ya kufuli la mnyororo ule. Halifungi. Ufunguo aliupoteza baba nikiwa mvulana. Linaning'inia tu kwenye kikulabu, ukilinyanyua mnyororo unaanguka. Kila mtu wa bonde anajua. Ova Jean alijua kuliko wote, alikula keki mbele yake miaka kumi na moja.

Saa ya chakula nilisikia gari nisilolijua. Nikaenda dirishani, nikasimama nyuma ya pazia. Langoni palikuwa na gari jeupe, na nyuma yake lile lenye kikohozi. Ova Jean alikuwa ametoka kazini na aproni yake bado. Mwanamume akashuka na kamera shingoni na gurudumu la kupimia lenye mpini.

Nikasema, haya, ndio hao.

Mwanamume akapiga picha mnyororo wangu. Akapiga picha nguzo. Akanyoosha kidole juu bondeni. Ova Jean akatikisa kichwa. Mwanamume akanyoosha kidole nyumbani kwangu. Ova Jean akatazama mahali ninapoweka gari, palikuwa patupu, kwa kuwa Burlin alikuwa nalo. Akasema kitu. Mwanamume akaenda kwenye kikulabu, akalitikisa kufuli kwa kidole, likacheza. Akacheka. Akamwonyesha.

Ova Jean akatikisa kichwa.

Wakazungumza. Mwanamume alikuwa anatazama saa. Ova Jean akaonyesha mawe ya kijito, kama anayesema wapande kwa miguu. Mwanamume akatazama viatu vyake. Mwisho akaingia garini, akaandika kitu kwenye ubao, akageuza gari, akaenda.

Ova Jean alisimama pale muda. Kisha akachukua kitu kwenye kiti cha nyuma, kimefunikwa kitambaa. Akakiweka juu ya nguzo. Akapita kwenye mawe, akiwa na aproni, akapanda kwake.

Jioni nikaenda kufungua mnyororo. Ilikuwa keki ya matabaka.

Nikasema, hongo. Nikawapa nguruwe.

Burlin alirudisha gari baada ya siku kadhaa, tangi tupu.

"Umewashinda, shemeji!"

"Nani?"

"Serikali! Yule aliyekuja na kamera ni mthamini, mtu wa kukadiria nyumba ina thamani gani. Benki ilimtuma aone kama njia iliyopo inatosha bila karatasi yako. Katoka Lexington mpaka huku, kakuta mnyororo. Kaandika njia imefungwa. Serikali imerudi nyuma, benki imerudi nyuma. Mwindaji anakuja na fedha yake mkononi."

"Ova Jean angeweza kufungua."

"Ndicho wanachocheka mjini!" Burlin akapiga paja. "Mthamini anasema kufuli lilikuwa wazi, kaligusa kwa mkono wake. Kamwambia mama, nyanyua tu, mwenyewe hayupo, nani ataona? Unajua Ova Jean kasemaje? Leo si siku yangu ya kupita. Njoo kesho. Kesho! Mtu yule kesho alikuwa kaunti nyingine mpaka Desemba. Shemeji, kapoteza nyumba kwa kufuli lisilofunga. Umewahi kuona mjinga wa namna hiyo?"

Burlin akacheka peke yake, kisha akaacha.

"Ulikuwepo?" akauliza.

"Nilikuwa dirishani."

"Basi mlikuwa wajinga wawili," akasema, akaenda zake kwa miguu. Hiyo ilikuwa moja ya zile mara chache.

Nililala vibaya. Asubuhi nikapanda bondeni. Sikuwa nimefika kwa Hobart tangu Hobart mwenyewe aondoke. Barazani palikuwa na maboksi ya matufaha yaliyojazwa sufuria. Ova Jean alikuwa anazifunga kwa magazeti.

"Karibu, mjomba. Kaa hapo, kiti kile kina mguu mbovu, chukua kile."

Nikakaa kwenye kile.

"Kwa nini hukufungua?"

Alijua nasema nini. "Ilikuwa Novemba mosi."

"Kufuli ni bovu."

"Najua ni bovu."

"Sikuwepo. Ulidhani sikuwepo."

"Nilidhani hivyo, ndiyo."

"Basi?"

Akaweka sufuria chini. "Mjomba Estill, sasa unanigombeza kwa kutovunja mnyororo wako?"

"Ungeniita."

"Ningekuita wapi, na gari halipo?"

"Ungekuja kabla, siku ya nyuma yake, useme kuna mtu anakuja."

"Uliniambia hapana. Mtu akiniambia hapana simrudii na sahani ya maneno. Na mthamini alinipigia simu shuleni asubuhi ile ile, yuko njiani tayari. Ningefanyaje?"

"Wewe ni mjinga."

"Nimekaa jirani na wewe miaka kumi na moja. Akili ningejifunzia wapi?"

Nikatazama sufuria. Akatazama sufuria.

"Ile keki," akasema. "Ilikuwa nzuri?"

"Nguruwe hawakulalamika."

Akanitazama, kisha akacheka mpaka akafuta macho kwa gazeti, wino ukampaka shavuni. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza. Kwa maana mtu anaweza kuheshimu mnyororo kwa hesabu pia. Anaweza kujua kuna mzee nyuma ya pazia. Nikalipima hilo. Toka langoni dirisha langu huonekana jeusi tu, kwa kivuli cha banda la tumbaku, na mtu aliye nyuma ya pazia haonekani. Na hilo pia Ova Jean alilijua.

"Leta karatasi," nikasema.

"Ipi?"

"Unayo. Mtu kama wewe hatupi karatasi."

Akaingia ndani, akatoka nayo, imekunjwa vile vile. Akaninyooshea.

"Nisomee," nikasema.

Hakusogea. "Mimi? Mimi ndiye ninayeitaka hiyo njia, mjomba. Nisikusomee mimi. Tafuta mtu."

"Aliyekuwa akinisomea amelala pale juu ya kilima. Soma."

Akasoma. Alisoma kama wanavyosoma watu wa jikoni kwenye pakiti, neno kwa neno, kidole kikifuata. Nilimwacha afike mwisho. Kisha nikamwambia aanze katikati. Kisha mwisho. Kisha tena katikati, mahali pengine. Mtu anayetunga hawezi kutunga vile vile mara tatu. Alijua ninachofanya. Maneno hayakubadilika.

Mara ya tatu alipofika mahali pa kutaja matumizi ya njia, sauti ikapungua. Kupita kwa miguu. Kupita kwa magari. Nguzo na nyaya. Kidole kikasimama.

"Endelea."

"Na matumizi mengine yoyote," akasoma, "yatakayohitajika."

Mara mbili za kwanza alilisoma pia, lakini upesi, nami nilikuwa nasikiliza kama linabadilika, sikusikiliza linasema nini. Sasa tulilisikia sote. Habari za babu anazijua. Mahala alikuwa amemwambia, huko langoni.

Angeweza kuliruka. Nisingejua mpaka nife.

"Hilo tutaliondoa," Ova Jean akasema.

"Benki watakubali?"

"Sijui. Wasipokubali nitafunga sufuria. Nimeshaanza."

"Na hizo nguzo na nyaya ziondolewe. Hapo ndipo bomba la gesi linapojificha."

"Mjomba, hizo ni nyaya za umeme. Zinapita kwako kwanza."

Nikafikiri.

"Ziache," nikasema.

Tulikwenda mjini kesho yake, ofisi ya karani wa kaunti, kwa gari lenye kikohozi. Tolliver alikuwepo na wakili. Wakili akasema maneno yale ni ya kawaida, yamo kwenye kila hati, hayana maana yoyote.

"Kama hayana maana," Ova Jean akasema, "yatoe."

Wakili akamtazama Tolliver. Tolliver akatoka nje kupiga simu. Alikaa huko muda. Nilimwangalia kupitia kioo, anatembea huku na huku na vile viatu, na nikawa na hakika anazungumza na watu wa gesi. Akarudi.

"Wanasema kwa nyumba moja inatosha," akasema. "Miguu, magari, na umeme."

"Na jeneza," nikasema. "Makaburi ya Cornett yako huko juu."

"Jeneza linaingia kwenye magari, mzee."

"Huku kwetu linabebwa."

Akaandika jeneza.

Karatasi mpya ikatoka kwenye mashine. Tolliver akataka kunisomea. Nikampa Ova Jean. Akaisoma mara moja, na mara hiyo sikumwambia aanze katikati. Kisha nikaandika jina langu. Jina nililifundishwa na Mahala mezani jikoni, mwaka tuliooana, kwa kuwa alisema hataki mume mwenye X. Herufi ya kwanza ina meno matatu yanayotazama kulia. Nililiandika polepole. Hakuna aliyeniharakisha.

Tolliver alipata mthamini mwingine, mwanamke wa kaunti ya jirani aliyekuja na viatu vya mpira. Alipita langoni bila kusimama. Nilimtazama toka barazani mpaka alipotoka, na mkoba wake nikautazama pia. Ova Jean alipewa hati ya nyumba juma la Sikukuu ya Shukrani. Siku ile ile, alasiri, nilisikia nyundo toka juu bondeni. Ilipiga, ikanyamaza, ikapiga tena mahali pengine. Nyumba ile haina picha nyingi hivyo. Nilikaa nje nikiisikiliza mpaka baridi ikanirudisha ndani.

Malori hayajaja. Sisemi hayatakuja. Kila gari jeupe likipita naenda dirishani, na serikali bado siijui uso. Imesimama nyuma ya Ova Jean, wanasema. Mimi nimetazama nyuma yake mara nyingi, sijaona mtu.

Mwaka uliofuata, Novemba mosi, niliamka nikiwa nimeshavaa koti kabla sijakumbuka kwamba sina tena haki ya kufunga. Imeandikwa. Nikafika langoni hata hivyo. Mnyororo ulikuwa umelala chini kwenye nguzo yake. Nikatazama nje ya lango.

Gari lenye kikohozi lilikuwa pale nje, limeegeshwa kando ya barabara kubwa, na umande wa usiku kwenye kioo.

Nikauinua mnyororo, nikautundika kwenye kikulabu.

Saa ya chakula akaja, akipitia mawe ya kijito, aproni imefunikwa na koti, sahani mkononi. Akakaa upande wake. Mimi nilikuwa nimeketi upande wangu tangu asubuhi.

"Mjomba, unajua huruhusiwi."

"Najua."

"Ninaweza kukushtaki."

"Shtaki."

"Mpaka saa ngapi?"

"Jua likizama, kama siku zote."

Akakata keki, akanipitishia kipande juu ya mnyororo. Akangoja.

"Haya sema," akasema. "Leo hakuna nguruwe hapa."

Tangawizi ilizidi, na matufaha alikuwa ameyakausha ndani ya tanuri badala ya juani. Mahala hakufanya hivyo. Nilimwambia. Akasema atajaribu tena mwakani. Nikanyoosha mkono apate kunikatia kingine.